Kughairi Kuvuka Si Woga: Makorongo ya Hanang na Wajibu wa Kliniki

Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka miteremko ya Mlima Hanang, vikafunika sehemu za mji wa Katesh na maeneo ya jirani, Gendabi ikiwa miongoni mwao. Zaidi ya watu 80 walifariki dunia, na taifa zima likaomboleza. Lakini maji yashukayo milimani huua pia kwa namna isiyofika kwenye vichwa vya habari: mtu mmoja, kwenye kivuko kimoja, katika siku ya kawaida ya mvua. Mtu huyo aweza kuwa mwanafunzi, mfugaji anayefuata ng'ombe wake, dereva wa bodaboda, au mama mjamzito mwenye kadi ya kliniki mkononi. Huyu wa mwisho anaihusu sekta ya afya kuliko inavyokubali, kwa kuwa siku aliyotoka nyumbani ilipangwa na sekta hiyohiyo.

Korongo la msimu lina hila ambayo mto wa kudumu hauna. Kwa miezi kadhaa huwa ni njia ya mchanga inayopitiwa na watoto na mbuzi. Mlima Hanang una kimo cha mita 3,400 na ushei, na mvua yaweza kunyesha juu huku jua likiwaka bondeni. Anayeingia korongoni akitazama anga iliyo juu ya kichwa chake hatazami anga inayomhusu. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa makorongo yafaa kuongeza kwamba hata uliyoyafika asubuhi, jioni huyajui tena.

Nguvu ya maji nayo hudanganya macho. Meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kasi ya mkondo ikiongezeka maradufu, nguvu inayousukuma mwili huongezeka mara nne. Ndiyo maana maji ya kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye kina cha sentimeta 60 yaweza kuyachukua magari mengi. Maji ya korongo, zaidi ya hayo, hubeba tope na mawe, kwa hiyo ni mazito kuliko maji safi na huficha mashimo yaliyochimbwa usiku uliopita.

Afrika Mashariki inao watu wanaoyaingia maji ya namna hii kwa hiari. Huko Jinja, Uganda, wageni hulipa fedha ili wapige makasia katika boti za mpira kwenye maporomoko ya Mto Nile. Mchezo huo una nidhamu kali. Kila mmoja huvaa jaketi la kuokoa maisha na kofia ngumu. Maporomoko hupangwa kwa madaraja kuanzia la 1 hadi la 6, na kina cha maji hutazamwa kabla ya safari, kwa sababu poromoko lililo salama leo laweza kuwa hatari kesho. La daraja la 6 wageni hawapitishwi: boti hutolewa majini, watu wakatembea ukingoni hadi chini ya poromoko. Hakuna anayemcheka kiongozi aliyeamua hivyo, maana kughairi ni sehemu ya utaalamu wake.

Linganisha na kivuko cha korongo. Anayecheza na maji ana jaketi, kiongozi na ruhusa ya kughairi. Anayevuka kwa lazima hana hata kimoja. Jaketi na kiongozi ni vigumu kuvipeleka kila kijiji. Ruhusa ya kughairi haina gharama, na mtoaji wake mmojawapo ni mhudumu wa afya.

Mgonjwa aliyekosa tarehe yake mara nyingi hupokelewa kwa karipio. Huambiwa ni mzembe, hupangwa mwisho wa foleni, na hujifunza kwamba ni afadhali kujitosa majini kuliko kukabili maneno ya dirishani. Karipio hilo ni kihatarishi cha afya. Mahali pake pawekwe swali moja, litakaloulizwa katika hudhurio la kwanza na kuandikwa kwenye kadi: "Njia yako ya kuja hapa inavuka korongo?" Akijibu ndiyo, mpango wake wa matibabu ubadilike kabla mvua hazijaanza. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au kifafa ambaye hali yake imetulia apewe dawa za muda mrefu zaidi. Utaratibu huo tayari unatumika kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wanaopewa dozi za miezi kadhaa kwa mara moja. Mjamzito aliyekaribia kujifungua ashauriwe mapema kuhamia kwa ndugu walio upande wa kituo, au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua pale ilipo. Chanjo ipelekwe ng'ambo ya korongo kwa huduma ya mkoba wakati njia bado ni kavu.

Yupo atakayesema kwamba dawa ya vivuko ni madaraja, na kwamba maneno ya kliniki hayamzuii mtu mwenye njaa au mwenye mtoto anayeungua homa. Ni kweli, na madai ya madaraja ya waenda kwa miguu yasilegezwe. Lakini daraja husubiri bajeti, na mvua haisubiri. Wakati huo kijiji chaweza kusimika nguzo iliyopakwa rangi kwenye kila kivuko na kukubaliana kwamba maji yakigusa alama nyekundu hakuna anayevuka, awe mwalimu, mchungaji au mganga. Hata chini ya alama hiyo, maji yenye tope na kasi yaachwe yapite. Mara nyingi korongo hupungua ndani ya saa chache, na mgonjwa aliyechelewa saa hizo bado anatibika.

Ajali ikitokea, aliye ukingoni asijitose. Arushe kamba, anyooshe fimbo ndefu, au atupe dumu tupu lililofungwa kifuniko ili anayezama alishikilie. Aliyechukuliwa na mkondo alale chali, miguu mbele, asijaribu kusimama hadi afike maji haba, kwani mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo humlaza kifudifudi. Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Aliyeopolewa akiwa hapumui asining'inizwe kichwa chini wala kukandwa tumbo. Anachokosa ni hewa: aanze kupuliziwa pumzi 2 hadi 5, kisha kifua kibonyezwe mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kukoma hadi msaada ufike. Aliyezinduka naye apelekwe kituoni na kuangaliwa kwa saa 6 hadi 8, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa maji yaweza kushindwa baadaye.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka, na tangu 2021 Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Kwa Gendabi, Julai ni kiangazi, makorongo yakiwa makavu. Huo ndio wakati wa kusimika nguzo, kupanga dawa na kuuliza swali lile. Na mvua zikija, mgonjwa atakayefika siku mbili baada ya tarehe yake, akiwa mkavu na hai, apokewe kwa neno moja: karibu.