Kihamba Kimoja, Majina Mawili



Watu wengi huja ofisi ya parokia kuomba nakala ya cheti cha ndoa au cha ubatizo. Nikiuliza, "Cha kazi gani?" mara nyingi jibu ni lile lile: "Mzee amefariki, tuna maneno ya kihamba." Basi leo tusemezane juu ya shamba moja lenye wenyewe wawili au zaidi.

Sisi wa mlimani twajua desturi. Kifungua mimba hukatiwa kihamba chake, kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba, na masale huonyesha mpaka. Lakini vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hata vingine havikatiki tena, na ndugu hulima migomba na kahawa mahali pamoja. Hapo sheria huuliza: mnamiliki kwa njia gani?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataja njia mbili, zenye asili katika sheria za Kiingereza. Ya kwanza, ardhi ni ya wote bila mafungu. Mmoja akifa, aliyebaki huchukua yote. Njia hii, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama, ni ya mume na mke tu. Ya pili, kila mmoja ana fungu lake ingawa shamba halijakatwa. Akifa, fungu hilo huenda kwa warithi wake. Basi ndugu wenye hati ya namna hii wasimwambie mjane wa ndugu yao, "Shamba limebaki letu." Fungu la marehemu halikufa pamoja naye.

Na mama ambaye jina lake halimo katika hati je? Sheria hiyo yasema, shamba likiwa kwa jina la mume, na mke amelitunza kwa jasho lake, amepata haki ndani yake. Kupalilia, kubeba samadi na kuchuma kahawa si kazi bure. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ya mwaka huo huo, yabatilisha desturi yo yote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi.

Neno jingine ni udhamini. Paroko hulima shamba la parokia, lakini si mali yake. Mali za Kanisa huwekwa chini ya wadhamini kwa faida ya waamini. Huko Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1925, watu wakimiliki ardhi pamoja, wale walioandikwa katika hati, wasiozidi wanne, huhesabiwa kuwa wadhamini. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo naye ni kama hao. Hakupewa kihamba, amepewa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Akiuza na kutia fedha mfukoni mwake, amekula amana, nao warithi waweza kumshtaki.

Basi wazazi, msingoje kufa. Nendeni kwa halmashauri ya kijiji mkaombe hati ya hakimiliki ya kimila; yaweza kutolewa kwa mume na mke, au kwa jamaa nzima. Someni majina yaliyomo kabla ya kutia dole gumba. Tunzeni cheti cha ndoa mahali pakavu. Na jioni moja, baada ya Rozari, yasemeni maneno haya mbele ya watoto wote, wa kike na wa kiume. Ugomvi mwingi wa kihamba huanzia pale baba alipoona haya kusema.

Karani wenu wa parokia.