Mpwa Wangu Angepewa Jembe

Ndugu zangu wa Majengo na Mbugangari,

Nawaandikia kutoka Liège, Ubelgiji. Dada alinipigia usiku akilia: mwanawe kafungwa mwaka mzima kwa simu aliyoiba sokoni. Kosa lake la kwanza, na simu ilirudi kwa mwenyewe siku ileile. Asubuhi naenda kazini, namkuta kijana wa Kibelgiji bustanini anakokota majani kwa reki. Namjua, aliiba pikipiki. Hapa tangu 2002 hakimu anaweza kumpa mkosaji kazi ya saa 20 hadi 300, naye jioni anakula kwa mama yake. Nilipita bila kumsalimu. Niliona uchungu.

Msiniambie hiyo ni Ulaya. Kazi hiyo sisi Wanyarwanda tunaijua hata jina: imirimo nsimburagifungo, kazi inayoshika nafasi ya kifungo. Wakati wa Gacaca, mahakama za kijamii za kesi za mauaji ya kimbari, watu waliokiri kuua walimalizia sehemu ya adhabu yao wakipasua mawe ya barabara na kuchimba matuta milimani. Nchi iliyoweza kuwapa jembe watu wale inashindwaje na mtoto aliyeiba simu? Na sheria yetu ya makosa na adhabu ya 2018 imeandika wazi: mwizi apewe kifungo cha mwaka 1 hadi 2, faini ya faranga milioni 1 hadi 2, kazi za manufaa kwa jamii miezi 6, au mojawapo tu. Mojawapo tu! Miezi sita ya kuzibua mitaro ya Mbugangari inayofurika kila masika, mngeona hasara gani?

Ninyi wazee, nawapenda, ila mlikuwa wapi siku ya kesi? Harusini mnajaa mpaka viti vinakosekana. Mahakamani dada alikaa peke yake, na hakuna aliyetamka neno kazi. Nami nilituma pesa, nikajiona nimetimiza. Miaka kumi na minne natuma pesa. Mtoto yule nilimwacha akiwa mdogo.

Lakini sitaki vijana wakusanywe tu barabarani ati wanarekebishwa. Iwawa, kisiwani katika Ziwa Kivu letu hilohilo, tangu 2010 vijana wanafundishwa useremala na ushonaji, na ufundi ni mali. Ila wengi walipelekwa bila kumwona hakimu, na asiyehukumiwa hana siku ya kuhesabu. Naogopa pia kijana maskini asije akakubali kosa asilolitenda, mradi asilale ndani. Kwa hiyo awepo hakimu, awepo wakili, saa ziandikwe.

Na yule mama aliyeibiwa anauza sambaza. Wateja wanamlipa kwa simu. Siku ile hakuuza kitu, samaki wakaharibika. Mwizi akitoka na reki yake apite mbele ya meza yake kana kwamba hakuna kilichotokea? Hapana. Kwanza amlipe samaki wake, na mama aulizwe kabla hakimu hajaamua.

Basi, wajomba, wahini rufaa. Nendeni ofisi ya MAJ pale wilayani, msaada wao wa sheria ni bure. Nendeni wanne, watano, msimwachie dada tena. Namba ya yule mama wa sambaza nitumieni leo; nataka kumwomba radhi kwa sauti yangu.

Ndugu yenu, Liège