Maji ya Kilimambogo Ndiyo Maji Yetu

Sisi watu wa pwani tukisikia habari za Thika na Ruiru huyaona ni mambo ya bara yasiyotuhusu. Mimi nasema yanatuhusu, tena yanatuingia vinywani.

Nilikuwa nimefikia kwa jamaa zangu huko Kiuu, nikaenda kuuzuru mlima Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo, yaani mlima wa nyati. Ni mbuga ya taifa tangu 1967, na kilele chake kina urefu wa mita 2,145. Mlima umevikwa msitu, na nyati wangalimo. Njiani pana kaburi la Sir William Northrup McMillan, Mmarekani aliyemiliki mashamba makubwa pande hizi zama za ukoloni, akafariki 1925. Yasemekana ilikusudiwa azikwe kileleni, lakini jeneza likashindikana kufikishwa huko.

Wageni hulizuru kaburi hilo, lakini mimi lililonishughulisha liko chini ya mlima. Hapo hupita mto Athi, ukaporomoka penye Fourteen Falls. Maji hujigawa juu ya jabali pana, yakashuka mikondo kwa mikondo kwa ngurumo kubwa. Ni pazuri, alhamdulillahi. Ila lile povu na ile harufu si vya maji mazima. Mto Nairobi hujimwaga katika Athi kabla ya maporomoko hayo, nao hubeba maji ya vyoo, ya viwanda na taka za jiji zima.

Sasa, msomaji, yafuate maji hayo. Athi hupita Ukambani, ukakutana na mto Tsavo, ukaitwa Galana. Ukifika kwetu huitwa Sabaki, nao huingia baharini kaskazini ya Malindi. Kando ya Sabaki, huko Baricho, vipo visima vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Ndiyo tunayopikia, tunayonywesha watoto na tunayotawadhia. Kweli mchanga wa mtoni huchuja, na maji hutiwa dawa. Lakini si kila sumu ya kiwandani huzuiliwa na mchanga.

Mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua mradi wa kuusafisha mto Nairobi. Ni jambo jema. Kasoro ni kwamba mradi huo huzungumzwa kama wa jiji peke yake, kana kwamba mto unakomea hapo. Mchafuzi yuko juu, mnywaji yuko chini, na mnywaji hakuitwa barazani.

Kwa hiyo wabunge na magavana wetu wa Pwani wadai nafasi katika mashauri ya mto huo. Na sisi wananchi tudai matokeo ya vipimo vya maji ya Sabaki yatangazwe hadharani, kwa lugha tunayoifahamu, kila mwaka.