Mguu Usikatwe Kabla Mshipa Haujapimwa

Mkulima wa Mpwapwa anapokatwa mguu hapotezi kiungo tu. Hupoteza jembe lake, uchungaji wa mifugo na safari ya mnadani, na jamaa yake hupoteza mtegemezi. Kwa hiyo kukata mguu hakuna budi kuwe hatua ya mwisho, si ya kwanza.

Chanzo kimojawapo cha janga hili ni kuziba kwa mshipa mkubwa wa paja upelekao damu mguuni. Sigara, kisukari na shinikizo la damu huharibu ukuta wa mshipa huo, mafuta hugandamana humo, na njia ya damu hufinyika. Mwanzoni kigimbi huuma mtu atembeapo na hutulia apumzikapo. Baadaye maumivu huja usiku, na kidonda kidogo cha kidole hukataa kupona. Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu yoyote.

Tiba ipo. Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Marekani, Dk. Charles Dotter alimtibu bibi wa miaka 82 ambaye vidole vyake vilikwisha anza kuoza, naye alikataa kukatwa mguu. Dotter alipitisha waya na mirija myembamba ndani ya mshipa wa paja, akaupanua. Bibi yule aliishi miaka miwili na zaidi, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka 1974 Andreas Grüntzig, huko Zürich, alianza kutumia puto dogo linalojazwa ndani ya mshipa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kupitia tundu dogo kinenani, mara nyingi kwa ganzi ya mahali hapo tu. Ni kweli kwamba si kila mguu huokoka, na ule uliokwisha oza hukatwa ili kunusuru maisha.

Watakuwapo wasemao kwamba hayo ni mambo ya mataifa tajiri. Hoja hiyo haina nguvu. Tangu mwaka 2018, Muhimbili imekuwa ikiwafundisha madaktari wa Kitanzania tiba za aina hii zinazoongozwa na picha, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale. Lakini utaalamu huo haumfai mgonjwa anayefikishwa hospitali mguu ukiwa umekwisha kuwa mweusi.

Mpwapwa haidai mtambo wa mamilioni. Inadai mganga wa zahanati aguse mapigo ya damu juu ya wayo, alinganishe shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono, na kumpeleka mgonjwa mapema katika hospitali za rufaa za Dodoma, safari ya zaidi ya kilomita 100. Kanuni iwe moja: kidonda cha mguu kisichopona kwa wiki mbili, mshipa upimwe, na pasiwe na idhini ya kukata mguu isiyoambatana na majibu ya kipimo hicho, isipokuwa maisha yamo hatarini.

Walimu, ninyi ndio mnaosikilizwa vijijini. Zifundisheni dalili hizi. Watumishi wa wilaya, vifaa hivi vidogo viingizeni katika bajeti. Nao wasimamizi wa Bima ya Afya kwa Wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, wasihesabu gharama ya puto pekee. Wahesabu pia gharama ya mtu mzima aliyebaki kukaa uani maisha yake yote.