Nguzo ya Miiba Uani: Ni Kaktusi Kweli?



Baba mmoja wa Uvira ametuandikia barua na kuambatanisha picha. Katika kiwanja alichonunua amekuta mmea mrefu kupita paa la nyumba, usio na majani, uliosimama wima kama nguzo, wenye mbavu na miiba. Majirani wote wanauita kaktusi. Mkewe anataka ukatwe kwa ajili ya watoto. Yeye mwenyewe anauonea huruma, kwa maana ni mzuri. Anauliza: «Mwalimu, mmea huu ni kitu gani?»

Picha hiyo inaonyesha umbo tu, na umbo ndilo linalodanganya. Mahali penye jua kali mmea huachana na majani, huweka akiba ya maji ndani ya shina, na shina hufanya mbavu ili liweze kuvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Kaktusi wamefanya hivyo katika bara la Amerika. Eufobia wamefanya hivyo huku kwetu Afrika. Popo na ndege wote wana mabawa, wala si ndugu. Ndivyo ilivyo kwa mimea hii miwili.

Wataalamu wenyewe wametusaidia kuichanganya. Katika Kilatini tulichofundishwa seminarini, cereus ni mshumaa wa nta, na candelabrum ni kinara cha kuwekea mishumaa. Kaktusi ya nguzo inayopandwa sana bustanini huitwa Cereus, na mti wetu mkubwa wa nyikani huitwa Euphorbia candelabrum. Basi mshumaa umetoka ng'ambo, kinara ni cha nyumbani.

Kaktusi mmoja tu huota Afrika kwa asili, yaani Rhipsalis baccifera. Naye huning'inia matawini msituni kama kamba nyembamba, hana umbo la nguzo hata kidogo. Kwa hiyo nguzo ya miiba inayoota yenyewe porini, mbali na nyumba za watu, karibu daima ni eufobia. Lakini uani pa nyumba, ambapo mtu aliyehama aweza kuwa alipanda lolote, hatuna budi kuchungulia kwa karibu.

Tazameni kwanza miiba. Ya kaktusi hutoka kwa kikundi katika kitakia kidogo chenye manyoya kama sufi, na vitakia hivyo hupangwa mbavuni kama vifungo vya kanzu. Ya eufobia hizi za nguzo husimama miwili miwili, kama pembe za mbuzi, juu ya ukingo mgumu, bila kitakia. Kisha ngojeni maua. Ua la Cereus ni kubwa, jeupe, refu kama kiganja cha mtu mzima au kupita; hufunguka usiku na kunyauka asubuhi, hata wengi hukaa nao miaka wasilione. Tunda lake halina miiba, nyama yake ni nyeupe yenye mbegu nyeusi, nalo huliwa. Eufobia hutoa maua madogo ya manjano yaliyojipanga ukingoni, na vitunda vya vyumba vitatu vinavyopasuka vikikauka.

Alama ya mwisho ni utomvu, nami naitaja mwisho kwa makusudi. Eufobia ikichubuliwa hutoka maziwa meupe papo hapo. Kaktusi wa nguzo hutoa ute usio na rangi. Wale wenye ua wa mnyaa wanayajua maziwa hayo, kwa kuwa mnyaa ni eufobia vilevile. Yakigusa ngozi huwasha na kutoa malengelenge. Yakiingia jichoni, maumivu huzidi saa baada ya saa, na mtu aweza kupoteza uwezo wa kuona. Jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi, robo saa nzima kwa uchache, kope zikiwa zimefunuliwa. Kisha mgonjwa apelekwe kwa daktari siku ileile. Msitie maziwa ya mama, wala majani ya kusaga, wala dawa ya jirani.

Nilimjibu baba yule aache kisu, atazame miiba tu. Amejibu: ni miwili miwili, na hakuna sufi. Ni eufobia, basi, na mama alikuwa na haki kuwahofia watoto. Hata hivyo namwomba asikimbilie panga. Mti uliosimama unashika maziwa yake ndani. Mti unaokatwa huyarusha usoni mwa mkataji, na vipande vilivyolala chini ndivyo watoto huviokota kuchezea. Afadhali auzungushie ua wa miti usiopitika, awaonyeshe watoto miiba ile na kuwaeleza sababu. Ikiwa ni lazima kabisa uondoke, mkataji avae miwani, glavu na mikono mirefu, asimame upande upepo unakotoka, na vipande vifukiwe shimoni. Visichomwe moto, kwa sababu moshi wake nao huwasha macho.

Wengine wenye nguzo zao uani watuandikie. Watuambie miiba imepangwa namna gani, mbavu ni ngapi, na ua limefunguka saa ngapi.