Bastola Kuukuu: Hati Kwanza, Chuma Baadaye

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani hapa Awendo, ambaye sasa ni mfanyabiashara wa miwa, alinijia jioni moja na swali ambalo sikulitarajia. "Mwalimu," alisema, "nimepata mtu anayeuza bastola. Si mpya, lakini bado nzuri. Wewe umesoma mengi. Mtu akinunua bastola iliyokwisha kutumika, aangalie nini?" Nikamwuliza muuzaji ni nani. Akasema hamjui sana. Nikamwuliza hati za bastola hiyo ziko wapi. Akacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kijana huyu si mhalifu. Huwalipa vibarua na wenye mashamba, hurudi nyumbani usiku, na hofu yake ya majambazi ni hofu ya kweli. Hata hivyo, swali lake lilianzia mwisho. Yeye alitaka kujua habari za chuma, ilhali jambo la kwanza la kuchunguzwa ni karatasi.

Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, yaani Sura ya 114, haina utata katika jambo hili. Kifungu cha 4 chamkataza mtu yeyote kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Tazama, msomaji, neno "kununua" limetangulia. Maana yake ni kwamba cheti hutafutwa kabla ya bastola, wala si baada yake. Mwombaji huchunguzwa tabia yake na sababu zake, na cheti akipewa huitaja silaha yenyewe. Muuzaji naye amefungwa na sheria hiyo hiyo: hana ruhusa ya kumwuzia mtu asiye na cheti. Kwa hiyo anayeuza bastola gizani na anayeinunua wote wawili wamo hatiani, hata kama chuma chenyewe hakina kasoro.

Aidha, si kila karatasi ni hati. Mnamo Desemba 2018 serikali ilitangaza kwamba raia wote wenye leseni za silaha wahakikiwe upya katika muda wa siku 90. Basi mtu akikuonyesha leseni iliyotolewa kabla ya hapo, kisha asiweze kuonyesha kwamba alihakikiwa, amekuonyesha karatasi tupu. Wa kuulizwa ni Bodi ya Leseni za Silaha.

Tuseme sasa kwamba mnunuzi ana cheti, na muuzaji ni mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Hapo ndipo swali la kijana wangu linapopata mahali pake. Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, na kwa kawaida silinda hiyo huwa na matundu matano au sita ya risasi. Jambo la kwanza ni kuifungua na kuhakikisha kwa macho kwamba kila tundu ni tupu. La pili ni nambari iliyochongwa kwenye fremu: je, yalingana na ile iliyo kwenye hati? Ikiwa imekwaruzwa au kusuguliwa kwa tupa, mazungumzo yakome papo hapo.

La tatu ni silinda yenyewe. Nyundo ikivutwa nyuma, silinda haina budi kujifunga imara, na kila tundu lilingane sawasawa na mtutu. Lisipolingana, risasi hukwanguliwa ikiingia mtutuni, na vipande vya risasi hurushwa kando. La nne, nyundo iliyovutwa isishuke kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikishuka, bastola hiyo yaweza kufyatuka yenyewe na kumwua mwenyewe au mwanawe. La tano ni mtutu: usiwe umevimba wala kupasuka, na ndani yake mifereji ionekane wazi pasipo kutu.

La sita huwaponza wengi, nalo ni aina ya risasi. Mtu huambiwa tu kwamba bastola ni ya ".38", akadhani kila risasi yenye jina hilo itafaa. Sivyo. Wakati wa Vita Kuu vya Pili, kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani iliwatengenezea Waingereza rivolva za .38 zenye risasi fupi na nene kidogo. Baada ya vita, nyingi zilitobolewa upya ili ziingie risasi ndefu za .38 Special, ambazo hazikukusudiwa kwa matundu yale. Ganda la risasi humo hutanuka na huweza kupasuka. Kasoro ya namna hii haionekani kwa macho ya mfanyabiashara wa miwa, bali huonekana kwa fundi mwenye vipimo. Je, yule muuzaji wa gizani atakubali bastola yake ipelekwe kwa fundi?

Lakini kuna kasoro moja ambayo hata fundi hawezi kuiona kwa macho matupu, nayo ni historia ya bastola. Mifereji ya mtutu huacha alama juu ya kila risasi inayopita, na alama hizo huweza kulinganishwa maabarani. Sisi wa sehemu hizi tunalo somo lake karibu. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Silaha iliyotumika ilikuwa rivolva ya Smith & Wesson ya .38, na Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa mwaka huo huo. Mboya amezikwa kisiwani Rusinga, katika Kaunti ya Homa Bay, na jengo la kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi. Walimu huwapeleka wanafunzi kulitazama. Nawasihi wawaambie pia kwamba silaha hukumbuka. Anayenunua bastola asiyoijua asili yake huenda amenunua kesi ya mauaji ya mtu mwingine.

Wala tusidhani kwamba silaha za namna hiyo ziko mbali nasi. Ukiifuata barabara kuu kutoka Awendo kuelekea kusini, utapita Migori na kufika Isebania, mpakani mwa Tanzania. Watafiti walioandika juu ya wizi wa ng'ombe katika nchi ya Wakuria wameeleza jinsi bunduki zilivyoongezeka huko baada ya vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, askari waliporudi nyumbani. Vita viliisha, bunduki zikabaki, zikabadilisha mikono. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulikadiria kwamba raia wa Kenya walikuwa na silaha kati ya 530,000 na 680,000. Serikali iliteketeza silaha 5,250 huko Ngong mwezi Novemba 2016. Linganisha hesabu hizo mbili, msomaji, nawe utaona kazi iliyosalia.

Hapana shaka baadhi ya wasomaji watasema: ni rahisi kwa mwalimu kuhubiri sheria, jambazi hana cheti, na polisi hufika asubuhi. Malalamiko hayo yana haki, na wenye mamlaka hawana budi kuyajibu kwa doria barabarani wala si kwa hotuba. Hata hivyo, bastola ya magendo haimwondolei mfanyabiashara hatari, bali humwongezea. Jambazi akijua unayo, atakuja kuitafuta. Ukimpiga risasi mtu kwa kujitetea, utalazimika kueleza ulikoipata. Dawa iliyo karibu ni kupunguza fedha mkononi: tangu 2007 tunayo M-Pesa, na kibarua anaweza kulipwa bila noti moja kupita njiani usiku.

Hayo ndiyo niliyomwambia kijana wangu. Hakucheka tena. Alisema atafikiri, na mpaka leo sijui alifikia wapi. Lakini kama yeye, aliyesoma hadi kidato cha nne, aliuliza habari za chuma bila kuuliza habari za hati, basi yapo mambo ambayo sisi walimu hatukuyafundisha. Tuyafundishe sasa, kwani majuto ni mjukuu.