Roketi Ikiahirishwa Hakuna Anayesema Nuksi. Kwa Nini Tumseme Bibi Harusi?



Kuna siku mtu anatumiwa kiungo aangalie watu wakirushwa angani moja kwa moja. Wengi tunaangalia kwa ajili ya moto na kishindo cha kuondoka. Sisi tunasema hivi: kama unataka faida katika kuangalia, angalia siku ile inayoahirishwa. Tazama watu wazima, wenye elimu na mali, wanavyosema "leo hatuondoki" mbele ya dunia nzima, bila ya kuona haya. Kisha tujiulize sisi na harusi zetu na safari zetu.

Mwaka 2023, mwezi wa Februari, Shaabani imeingia na harusi zinapishana kabla ya Ramadhani. Tulikuwa Kwakoa, huko bara, kwenye tambarare ya joto chini ya Milima ya Upare, tumemsindikiza mwali wetu aliyeolewa huko. Jumatatu ya tarehe 27 asubuhi mabegi yalikuwa tayari uani, tunasubiri gari ya kututoa hadi barabara kuu. Jamaa zetu walioko Imarati wakatutumia kiungo: kijana wao wa Al Ain, Sultan Al Neyadi, anapanda angani kwa miezi sita, na Ramadhani itamkuta hukohuko. Tukajikusanya kwenye simu moja, wageni na wenyeji, makande ya jana yamepashwa moto. Kuondoka kulipangwa saa 3:45 asubuhi kwa saa zetu. Zimebaki kama dakika mbili tu, mara tangazo: imesimamishwa.

Mmoja wetu akasema, "Nuksi hiyo." Bibi mwenyeji wetu akamjibu hata kikombe hajakiweka chini: "Nuksi gani, mwanangu? Gari likiwa na hitilafu, si bora ijulikane lingali uani?"

Na hitilafu kweli ilikuwepo. Injini za roketi ile zinawashwa kwa kimiminika maalumu, na vipimo vilionyesha hakipiti kama inavyotakiwa. Baadaye wakakuta chujio la kwenye mitambo ya chini limeziba. Chujio! Roketi ya mabilioni, watu wanne wamefungwa mikanda ndani, tangi limejaa mafuta, na kitu kilichowarudisha nyumbani ni chujio. Wakakaa humo humo mpaka mafuta yakatolewa, ndipo wakashuka. Tarehe 2 Machi, saa 2:34 asubuhi, wakaondoka salama. Sisi tulishafika Unguja. Sultan akaiona Ramadhani akiwa angani, na tarehe 28 Aprili akatoka nje ya kituo kufanya kazi, Mwarabu wa kwanza kufanya hivyo. Nani leo anakumbuka kwamba siku ya kwanza iliharibika?

Inafaa kujua jinsi uamuzi huo unavyofanyika. Kabla ya kurusha, kila mwenye dhamana anaulizwa kwa zamu yake: wa injini, wa mawasiliano, wa usalama, wa hali ya hewa. Mmoja akisema hapana, inasimama. Na hapana yake haitokani na moyo kumdunda. Imeandikwa kwenye masharti tangu mapema. Radi ikipiga ndani ya maili 10 za baharini, lazima wasubiri dakika 30. Upepo una kiwango chake. Hata mawimbi ya bahari mbali huko Atlantiki yanapimwa, kwa sababu chombo kikipata tatizo njiani watu itabidi waangukie majini na waokolewe. Masharti haya yana sababu. Tarehe 14 Novemba 1969 roketi ya Apollo 12 iliondoka kwenye mvua na ikapigwa na radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza. Walinusurika, lakini toka hapo mawingu yanaogopwa kwa heshima.

Mfano mwingine, dada zetu, utaufahamu kila aliyewahi kuandaa shughuli. Tarehe 27 Mei 2020 Marekani ilikuwa inarusha wanaanga kutoka ardhi yake kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2011. Mgeni rasmi amefika, Rais Donald Trump mwenyewe. Kamera ziko tayari, watu wamejipanga ufukweni. Dakika kama 17 kabla, hali ya hewa ikakataa. Rais akarudi alikotoka, Bob Behnken na Doug Hurley wakavua mikanda. Siku tatu baadaye, tarehe 30, wakaondoka, na mgeni rasmi akaja tena. Mawingu hayakumpa mtu heshima ya cheo, na hakuna aliyethubutu kuyatolea amri.

Sisi wa visiwani mambo haya hatuyasikii ugenini. Mwaka 1960 Wamarekani walikubaliwa na Waingereza kuweka hapa Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani, pale Tunguu, na wako Wazanzibari waliokipinga hadharani wakihofia kuwa ni kambi ya kivita. Kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Lakini tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipozunguka dunia mara tatu, sauti yake ilipokewa hapa. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, jioni, mama na bibi zetu wako jikoni na futari, na juu yao mtu anapita kwa kasi ambayo hakuna ndege ya wakati ule iliyoifikia. Safari hiyo ilikuwa imeshaahirishwa mara kadhaa. Tarehe 27 Januari Glenn alilala chali ndani ya chombo kwa zaidi ya saa tano, kisha akashushwa kwa sababu ya mawingu. Likaja tatizo la tangi la mafuta, ikaja hali mbaya ya hewa tena. Karibu mwezi mzima dunia inangoja. Angeondoka siku ya mwanzo kwa kuona aibu, huenda Tunguu wasingesikia kitu.

Siku ambayo aibu ilishinda tunayo pia, na watoto wa skuli waliiona kwa macho yao. Chombo cha Challenger kilikuwa kimeahirishwa mara kadhaa mwezi Januari 1986. Magazeti yameanza kucheka. Ndani yumo mwalimu wa skuli, Christa McAuliffe, na madarasa mengi ya Marekani yamewashiwa televisheni yamuone mwalimu akienda angani. Usiku wa tarehe 27 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walisema wazi: kesho kuna baridi kali, mipira ya kuzibia maungio itakuwa migumu, tusirushe chini ya nyuzi 12. Wakabanwa. Wakaambiwa wathibitishe kwamba ni hatari, badala ya wenye kutaka kurusha kuthibitisha kwamba ni salama. Mwisho wakubwa wao wakakubali. Asubuhi baridi ilikuwa kama nyuzi 2. Sekunde 73 baada ya kuondoka chombo kikasambaratika, na watu wote saba wakafa, watoto wakiangalia.

Hatukuja kuwafundisha historia ya Wamarekani. Tumekuja kusema kwamba sisi tunayo Challenger yetu, na ni zaidi ya moja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama nje ya Nungwi ikielekea Pemba, siku chache baada ya Idi, imepakia watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenye upepo mkali wa kusi, ikapinduka karibu na Chumbe, Ramadhani iko mlangoni. Hakuna nyumba hapa ambayo haina jina la kuombea dua katika tarehe hizo mbili. Ndiyo maana tunaposikia watu bandarini wanamgombeza nahodha aliyekataa kuondoka, "sisi tuna harusi, mwali anatusubiri," inatuuma. Yule nahodha amesimama mahali pa wale wahandisi wa Januari 1986. Amesema hapana. Na sisi, kwa vishindo vya magauni na masanduku, tunambana athibitishe kwamba atazama.

Sababu ya haraka yetu tunaijua wenyewe. Gharama zipo, lakini kinachotubana zaidi ni maneno. Harusi ikisogezwa siku tatu mtaa unasema: ana nuksi huyu, ana mkosi, labda mume amebadili mawazo, labda kuna kitu kimegunduliwa. Bibi harusi ambaye hana kosa lolote anabeba jina kwa sababu ya upepo. Wako waliobakia na jina hilo miaka, kila shida ya ndoa ikitokea mtu anakumbusha, "si tulisema, tokea siku ile." Haya si mambo madogo. Kuamini mikosi ni katika yale ambayo dini yetu imetukataza waziwazi, na sisi wanawake ndio tunaoyaeneza, kwenye foleni ya hina na kwenye makundi ya simu.

Wengine watasema: kumtegemea Mwenyezi Mungu kuko wapi? Ajali haina kinga, kilichoandikwa kimeandikwa. Tunaamini hivyo. Lakini kila mmoja wetu alifundishwa chuoni kisa cha yule bwana aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake, amwache huru na kumtegemea Mungu, au amfunge. Akaelekezwa afunge, kisha ategemee. Kamba kwanza. Kupima upepo ni kamba. Kusubiri dakika 30 baada ya radi ni kamba. Kusoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kupakia watu 60 wa msafara kwenye boti ni kamba.

Hoja nzito zaidi ni ya gharama, na tunaikubali. Nyama imeshachinjwa, ukumbi umelipiwa, wageni wa Dar na Mombasa wameshapanda gari. Kusogeza siku ni hasara ya kweli, na anayesema si hasara hajawahi kulipia ukumbi. Ila angalieni wenzetu wa roketi: wanapopanga siku ya kwanza, ya pili wameshaijua. Hawaanzi kutafuta baada ya kuharibikiwa. Hapo ndipo tunapoweza kuiga.

Kwa hiyo, dada yetu unayepanga harusi yenye safari ndani yake, iwe boti ya kwenda Pemba au basi la kwenda Upareni ambako korongo likijaa maji hakuna dereva mwenye akili atakayepita, fanya haya mapema. Wekeni siku ya akiba tangu siku ya kupanga, na muandike kwenye mapatano na mwenye ukumbi. Kubalianeni kabla, wazee wa pande zote mbili wakiwepo, ni kitu gani kitakachosimamisha safari: tangazo la upepo mkali, chombo kujaa kupita kiasi, dereva asiyelala. Mteueni mtu mmoja mwenye neno la mwisho la kusema hapana, na asiwe mwenye kugharamia shughuli, kwa sababu fedha yake itamsemea. Sisi tungemchagua somo au shangazi mtu mzima asiyeogopa mtu. Akisema hapana, hakuna kumuuliza mara mbili. Na ndoa yenyewe, kumbukeni, haihitaji ukumbi. Walii, mashahidi na mahari wakiwepo, inaweza kufungwa kwa utulivu, na sherehe ikangoja bahari itulie.

Mama wakwe, na nyinyi tunawaomba. Mkisikia harusi ya mtu imesogezwa kwa ajili ya hali ya hewa, neno la kwanza litoke kinywani mwenu: alhamdulillah, wamefikiri. Neno hilo la mtu mzima mmoja linafunga vinywa kumi. Bibi yetu wa Kwakoa alilifanya hilo kwa sentensi moja, kwa watu wasiojua hata jina lake.

Na siku utakayotumiwa tena kiungo cha roketi, kisha zimebaki dakika chache tangazo likatoka kwamba leo hapana, usizime simu kwa hasira. Waite mabinti waje waangalie nyuso za wale wanaoshuka. Hakuna anayelia wala anayewacheka. Wanakula, wanalala, wanasubiri siku nyingine.

Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi wetu wote siku njema, iwe ile iliyoandikwa kwenye kadi au ile iliyofuata, na awafikishe salama wote wanaosafiri kwa ajili yao. Amin.